Hesabu ya Mjane: Uhakiki wa Kitambaa cha Kisiwani

1. Utangulizi

Katika Matendo ya Mitume 9:36–42 tunasoma habari za Tabitha wa Yafa, mwanafunzi aliyefariki na kulazwa orofani. Petro alipofika, wajane walimzunguka wakilia, na huku wakilia walimwonyesha mavazi ambayo marehemu alikuwa amewashonea siku za uhai wake. Habari hii huhubiriwa sana katika sharika zetu, hasa katika sikukuu za wanawake, na kwa kawaida mhubiri hukazia mambo mawili: huduma ya Tabitha kwa wahitaji, na uweza wa Bwana uliomfufua. Mambo hayo mawili ni ya kweli na ni ya lazima. Lakini liko jambo la tatu ambalo tumezoea kulipita kwa haraka. Luka haandiki neno hata moja lililosemwa na wajane wale. Anaandika tu kwamba walilia na kwamba walionyesha nguo. Msiba wao waliushika mikononi, wakaukunjua mbele ya mtume, na mtume hakuwakemea wala kuwaambia waziweke kando nguo hizo ili waanze maombi.

Makala hii inakusudia kulitazama jambo hilo la tatu kwa kuhakiki kazi moja ya mikono iliyotengenezwa Kisiwani, katika wilaya ya Same, na mjane mmoja ambaye hatutamtaja jina. Kazi hiyo ni kitambaa kilichoungwa kwa vipande vya nguo kuukuu na kushonewa vitu vilivyookotwa nyumbani na njiani. Siku hizi tunasikia mara nyingi kwamba kazi za namna hii huponya. Kwa hiyo swali letu ni hili: kama zinaponya, zinaponya nini? Na Kanisa liziweke wapi: pamoja na hirizi, pamoja na miradi ya maendeleo, au mahali pengine?

Mwandishi hana budi kukiri tangu mwanzo kwamba yeye si mhakiki asiyehusika. Alipewa nafasi ya kulijibu swali hili akiwa kijana, akalijibu vibaya.

2. Kitambaa chenyewe

Kisiwani iko tambarare, chini ya milima ya Upare ya Kusini, kwenye barabara itokayo Same kuelekea Gonja na Ndungu. Upande mmoja iko milima yenye mvua na misitu. Upande wa pili inaanza nyika ya Mkomazi, iliyofanywa pori la akiba mwaka 1951 na baadaye ikawa hifadhi ya taifa. Maji yanayoshuka kutoka milimani ndiyo yanayowawezesha watu kulima katika joto lile. Ni mahali pa kupita na pa kuondoka. Vijana wengi wametoka huko kwenda mashamba ya mkonge, kwenda Tanga, Moshi na Dar es Salaam, na wazazi wamebaki wakiitazama barabara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwandishi alikuwa katika mazoezi ya uchungaji sehemu hizo. Ndipo alipokiona kitambaa tunachokizungumzia. Ukubwa wake ulikuwa kama wa kanga mbili zilizoungwa, yaani doti moja ambayo haijakatwa. Nguo ya chini ilikuwa kaniki iliyopauka. Juu yake vilishonwa vipande vya kanga za rangi mbalimbali, vipande vya kaki ya sare ya shule, na ukanda mrefu wa shati la kazi la mwanamume. Uzi uliotumika ulikuwa uzi wa kushonea magunia, nao ulionekana wazi kila mahali. Hakuna mshono hata mmoja uliofichwa.

Kati ya vipande hivyo vilishonewa vitu. Palikuwa na vifungo vinne vya shati, kila kimoja cha aina yake. Palikuwa na vizibo saba vya soda, vilivyopondwapondwa kwa jiwe na kutobolewa kwa msumari. Palikuwa na kipande cha kamba ya mkonge chenye urefu wa kiganja, ukanda wa kandambili ya mtoto, shanga chache nyeupe, na ufunguo mmoja uliokwisha kushika kutu. Vitu hivyo havikupangwa kama mapambo yanavyopangwa. Havikuwa na ulinganifu wa kushoto na kulia, wala havikuzunguka mji wa kitambaa kama pindo la kanga linavyouzunguka mji wake. Vilifuatana katika mstari mmoja uliopinda, ukianzia kona ya juu na kuteremka hadi kona ya chini, kama njia inayoshuka kutoka mlimani.

Mama alipoulizwa kitambaa hiki kinaitwaje, alijibu: "Hii ni hesabu yangu." Kisha akaisoma. Vizibo saba vilitokana na soda zilizonywewa siku ya harusi ya binti yake. Kipande cha kanga nyekundu kilichofuata kilikuwa cha doti aliyovishwa binti huyo alipojifungua mara ya kwanza. Mara ya pili alijifungua akafa. Kamba ilikuwa ya mume, aliyefanya kazi ya mkonge miaka mingi. Kandambili na shanga vilikuwa vya mjukuu aliyezikwa kabla ya kuanza shule. Ufunguo ulikuwa wa chumba cha mwanawe, aliyekifunga, akamkabidhi mama ufunguo, akaenda kutafuta kazi mjini na hakuandika tena. "Huyu sijui nimweke upande gani," alisema, "kwa hiyo nimemweka katikati."

Mama huyo aliomba jambo moja tu. Katika Jumapili ya kuwakumbuka waliolala, alitaka kitambaa chake kiwekwe juu ya benchi la mbele, si madhabahuni, wakati majina ya marehemu yanaposomwa. Baadhi ya wazee wa Kanisa walikitazama wakaona vitu vimefungwafungwa kwenye kaniki, wakanong'ona kwamba kina harufu ya uganga. Mwandishi, aliyeogopa kugombana na wazee kabla ya kubarikiwa, alimwambia kwa sauti ya upole: "Mama, afadhali kikae nyumbani." Mama hakubisha. Alikikunja na kuondoka nacho.

3. Urithi wetu kuhusu nguo

Ili tuuhukumu uamuzi ule kwa haki, tunapaswa kuelewa kwamba katika nchi zetu nguo haijawahi kuwa kitu kisichosema. Jina leso linatokana na neno la Kireno lenye maana ya kitambaa cha mkononi, na masimulizi ya pwani yanaeleza kwamba katika karne ya 19 wanawake walinunua vitambaa hivyo vikiwa havijakatwa, wakaviunga pamoja kupata vazi moja kubwa. Kwa maneno mengine, mama wa kanga zote ni nguo iliyoungwa kwa vipande. Wafanyabiashara walikuja kuiga kazi hiyo kwa kupiga chapa nguo nzima, na baadaye yakaongezwa maneno, ambayo sisi huyaita jina la kanga. Tangu hapo mwanamke aliweza kusema kwa vazi lake yale ambayo adabu haikumruhusu kuyasema kwa kinywa.

Historia ya kaniki inatufundisha zaidi. Huko Unguja katika karne ya 19, nguo hiyo nyeusi ya bei rahisi ilikuwa alama ya mtumwa na ya mtu wa kazi ngumu. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki kadiri walivyoweza, wakavaa kanga za rangi. Hawakuwa wakifuata mtindo tu. Mtu aliyevunjiwa heshima alikuwa akijitengenezea heshima mpya juu ya mwili wake mwenyewe, na jirani zake waliisoma bila kufafanuliwa. Huo nao ulikuwa uponyaji, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Tena nguo hutuhudumia tangu kuzaliwa hadi kufa. Mtoto hupokewa kwa kanga na kubebwa kwa kanga. Maiti hufunikwa kwa kanga. Na katika jamii zetu nyingi, matanga yanapoisha, nguo za marehemu hugawiwa ndugu. Kila mmoja wetu aliyewahi kupokea shati la baba yake anajua uzito wake. Kwa hiyo mjane wa Kisiwani hakubuni lugha mpya. Aliitumia lugha iliyokuwapo, isipokuwa alikataa kugawa. Aliwakusanya wote mahali pamoja.

Lakini uko urithi mwingine pia, na wazee wale hawakuutoa hewani. Wamisionari wa Leipzig walioanza kazi Upareni mwaka 1900 walikuta watu wanaojua hofu. J. J. Dannholz, aliyefanya kazi Mbaga, aliandika kitabu juu ya Wapare kilichotolewa Leipzig mwaka 1916, na jina lake kwa Kijerumani linawaeleza kama watu waliofungwa na imani ya mizimu. Tunaweza kubishana naye juu ya mengi, kwa kuwa aliitazama dini ya wazee wetu kwa macho ya mgeni. Hata hivyo hofu haikuwa uongo. Kitu kidogo kilichofungwa katika kitambaa kiliweza kumnyima mtu usingizi, na kwa Wakristo wa kwanza, kukitupa kitu kama hicho kulikuwa tendo la uhuru. Wajukuu wa watu hao ndio waliokuwa wameketi kwenye benchi la wazee siku ile.

4. Usomaji wa kwanza: je, ni hirizi?

Basi tuuchukue usomaji wa wazee kwa uzito unaostahili. Je, kitambaa cha Kisiwani ni aina ya hirizi? Kwa umbo, vipo vinavyofanana: nguo nyeusi, vitu vidogo, mishono mingi. Lakini mhakiki hapaswi kuishia kwenye umbo. Anapaswa kuuliza kazi hiyo inafanya nini.

Hirizi hufunga. Kilichomo ndani yake ni siri, na nguvu yake inategemea siri hiyo; ikifunguliwa, imekwisha. Kitambaa cha mjane kilifunua. Kila kitu kilikuwa juu, machoni pa watu, na mwenyewe alikuwa tayari kukisoma kwa yeyote aliyeuliza. Hirizi huelekea mbele: inataka kuzuia baya lisije. Kitambaa kilielekea nyuma: kilikiri kwamba baya limekwisha kuja, na kwamba lilikuwa na majina. Zaidi ya yote, hirizi hutengenezwa na mtaalamu na kulipiwa, lakini kazi hii ilitengenezwa na aliyefiwa mwenyewe kwa uzi wa gunia.

Maandiko yenyewe yanatufundisha kupambanua, wala si kukataa kwa jumla. Katika Matendo 19:12 nguo zilizogusa mwili wa Paulo zilipelekwa kwa wagonjwa, na katika tafsiri yetu ya Kiswahili nguo hizo zinaitwa leso. Mistari michache baadaye, katika mji uleule wa Efeso, vitabu vya uganga vinachomwa moto hadharani. Luka haoni ugumu kuyaandika yote mawili katika sura moja. Vivyo hivyo nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu (Hes. 21) alikuja kuvunjwa na mfalme Hezekia (2 Fal. 18:4), kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Kitu hakikubadilika, matumizi yalibadilika.

Luther naye alisimama mahali hapo mwezi Machi mwaka 1522, aliporudi Wittenberg na kukuta watu wakivunja sanamu makanisani. Katika mahubiri yake ya juma lile alifundisha kwamba sanamu kwa zenyewe hatuamriwi kuwa nazo wala hatukatazwi. Kinachotakiwa ni kuuondoa moyoni utegemezi wa uongo, na kazi hiyo hufanywa kwa Neno wala si kwa nguvu. Mwanafunzi wa Luther angemwuliza mjane: "Mama, unakitegemea kitambaa hiki?" Angesikia jibu, na angefundisha kama pangekuwa na haja. Mwandishi hakuuliza. Alitoa hukumu kabla ya kusikiliza, na huo si upambanuzi.

5. Usomaji wa pili: je, ni mradi?

Usomaji wa pili ni wa siku za karibuni zaidi, nao huja na nia njema. Tangu UKIMWI ulipogunduliwa nchini mwetu, mkoani Kagera, mwaka 1983, Afrika Mashariki imejifunza kwa uchungu kutafuta njia za kuwahudumia wanaofiwa na wanaokufa. Nchini Uganda, chama cha wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI, NACWOLA, kilichoanzishwa mwaka 1992, kiliwasaidia wazazi kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu kabla hawajaondoka. Huko Marekani, mwezi Oktoba 1987, lilitandikwa mjini Washington blanketi kubwa la kuwakumbuka waliokufa kwa UKIMWI, likiwa na vipande 1,920, kila kimoja kikiwa na ukubwa unaokaribia kaburi la mtu mmoja. Mjini Nairobi, kuanzia mwaka 1996, wanawake waliokimbia vita katika nchi jirani walikusanyika kushona pamoja katika Amani ya Juu. Iringa, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha Neema Crafts mwaka 2003, mahali ambapo watu wenye ulemavu wanafuma, wanashona na kutengeneza karatasi.

Hizo zote ni kazi za heshima, na Kanisa linapaswa kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Mtu aliyeambiwa hafai akitengeneza kitu kizuri na kulipwa kwacho, uponyaji wa kweli umefanyika. Lakini tuangalie hatari moja. Mara tu uponyaji unapokuwa na mfadhili, taarifa na picha za kumbukumbu, unatakiwa uonekane. Kitambaa lazima kiwe kizuri, huzuni lazima iishie katika tumaini, na mshonaji lazima atabasamu. Mjane wa Kisiwani angepewa uzi bora wa kuficha mishono. Ufunguo wenye kutu ungeondolewa kwa sababu mnunuzi hangeuelewa. Kazi ingependeza zaidi na kusema machache zaidi.

Hapa tunaweza kusaidiwa na mfano wa msanii wa Kenya, Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 2021. Alisomea sanaa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akafundisha shule kwa miaka mingi. Alipoirudia sanaa uzeeni hakuwa na fedha za kununulia rangi. Alichukua karatasi za sabuni ya Rexona na mifuko ya unga, akakata vipande vidogovidogo, akavigandisha hata vikawa kuku, wanyama na watu wa kijijini. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Harlem, New York. Anayezitazama kazi hizo hashawishiki kumhurumia Karuga kwa kukosa rangi. Anaiona kazi, na kazi inadai itazamwe kama kazi: je, rangi hii imekaa mahali pake? Je, shingo ya ndege huyu ina uhai?

Hilo ndilo tunalolidai pia kwa ajili ya mjane. Kumwita mgonjwa na kukiita kitambaa chake tiba ni kumnyima heshima ya kuhakikiwa. Naye Bwana wetu, alipowaagiza wanafunzi kukusanya vipande vilivyobaki ili kisipotee kitu (Yn. 6:12), hakueleza vipande hivyo vitauzwa wapi. Inatosha kwamba visipotee.

6. Kipimo cha msalaba

Basi tukihakiki, tutumie kipimo gani? Sisi Walutheri tunacho kimoja cha kwetu. Mwaka 1518, katika mjadala wa Heidelberg, Luther alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba. Wa kwanza hubadili majina ya mambo, hata baya likaitwa jema na jema likaitwa baya. Wa pili hukiita kila kitu kama kilivyo. Kipimo hicho kiliandikwa kwa ajili ya mafundisho, lakini kinafaa pia kwa kazi ya mikono inayodai kuponya. Je, kazi hii inakiita kilichotokea kwa jina lake?

Kwa kipimo hiki kitambaa cha Kisiwani kina nguvu kubwa katika mambo matatu. Kwanza, mishono yake. Uzi wa gunia unakiri kwamba vipande hivi vilitengana na kwamba aliyeviunga hakuwa na kitu laini zaidi cha kuungia. Pili, ule mstari uliopinda. Mapambo hutaka ulinganifu, lakini maisha ya mama huyu hayakuwa na ulinganifu, na mkono wake haukudanganya. Tatu, ule ufunguo. Wafu wanayo mahali pao katika hesabu, aliyepotea hana. Kumweka katikati, kati ya vifungo vya waliokufa na kipande kitupu cha kaniki, ni uamuzi wa kisanii na wa kiroho kwa pamoja. Hakumzika mwanawe kabla ya wakati, wala hakujidai kwamba yuko salama.

Lakini uhakiki usiotaja udhaifu ni sifa tu. Katika kona ya chini, mahali mstari unapoishia, palishonwa kipande kipya cha kanga ya dukani chenye maneno ya kumshukuru Mungu, herufi zake zikiwa zimenyooka na rangi ikiwa bado kali. Kwa macho yetu hapo ndipo kazi inapolegea. Kila kitu kingine kimepita mikononi mwa mtu aliyependwa. Kipande hiki kimepita mikononi mwa muuza duka. Faraja imeletwa ikiwa tayari imechapwa, kabla ya hesabu kufungwa, kana kwamba mshonaji aliogopa kuacha kona ile tupu mbele ya mchungaji.

Huenda msomaji akapinga, na pingamizi lake lina uzito. Atasema kwamba aliyefiwa mara nyingi hana maneno yake mwenyewe, ndiyo sababu Kanisa humpa liturujia, zaburi na nyimbo, maneno yaliyochapwa na wengine. Kama sisi husimama kaburini na kitabu mkononi, kwa nini mjane asisimame na kanga? Tunakubali kwamba pingamizi hili linapunguza ukali wa hukumu yetu. Haliifuti, kwa sababu hata Zaburi ya 88 imo katika kitabu kilekile, nayo inaishia gizani bila kuongezewa shukrani. Hata hivyo, kama kona ile ilikuwa ya woga, basi woga huo tuliufundisha sisi.

7. Mipaka

Ni lazima pia kusema kazi hii haiwezi nini. Haiwezi kuchukua nafasi ya hospitali. Binti aliyekufa akijifungua alihitaji mkunga, damu na gari la kumteremsha mgonjwa kwa wakati. Kushona vizuri baada ya kifo hakumwondolei mtu yeyote wajibu wa kukizuia kifo kinachofuata. Mwezi Novemba 2009, maporomoko ya ardhi katika milima hiyo hiyo ya Same, huko Mamba Miamba, yaliua watu zaidi ya 20. Waliobaki walihitaji kwanza makao, chakula na mazishi ya heshima. Aliyefiwa apewe nafasi ya kuokota na kuunga vipande vyake, lakini asiachiwe kazi hiyo kuwa badala ya msaada.

Vilevile kitambaa hakisamehi dhambi. Kinaweza kutaja kilichopotea; hakiwezi kutamka kwamba waliopotea wamo mikononi mwa Kristo. Neno hilo hutoka nje yetu, nalo ndilo Kanisa lililokabidhiwa kulitangaza. Lakini Neno hilo humfikia mtu pale alipo, na mtu akikatazwa kuonyesha alipo, hulisikia kama maneno yaliyoelekezwa kwa mwingine.

8. Hitimisho

Wiki kadhaa baada ya Jumapili ile mwandishi alikwenda kumtembelea yule mama. Kitambaa kilikuwa kimetundikwa ukutani. Chini ya ufunguo, katika sehemu ya kaniki iliyokuwa tupu, palikuwa na kitu kipya: bahasha ya sadaka ya usharika, ile yenye namba ya msharika, ikiwa tupu, imeshonwa pande zote nne kwa uzi wa gunia. Mwandishi aliuliza imewekwa hapo kwa nini. Mama alimkaribisha chai kwanza. Kisha akasema, bila hasira: "Hiyo nayo ni hesabu, mwanangu."

Tungeweza kuichukua bahasha hiyo kama lawama tu. Tukiitazama kwa kipimo cha msalaba inasema zaidi. Mama hakuishona mwishoni mwa mstari, pamoja na vitu vilivyokwisha. Aliishona chini ya ufunguo, upande wa aliyeondoka ambaye bado anangojewa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu kwa wachungaji, wainjilisti na wanafunzi wa theolojia. Kwanza, mtu akileta msiba wake ukiwa kitu cha kushikwa, tuulize kabla ya kuamua: "Hiki ni nini? Nisomee." Swali hilo moja litatenganisha hirizi na ushuhuda kuliko woga wetu. Pili, katika Jumapili ya kuwakumbuka waliolala, sharika zitenge benchi ambapo washarika wataweka nguo au kitu kidogo cha marehemu wakati majina yanaposomwa, kisha wakichukue na kurudi nacho nyumbani, pasipo kukifanya kitakatifu. Tatu, somo la huduma ya kichungaji katika vyuo vyetu lifundishe kutazama, kama linavyofundisha kusema. Mchungaji anayejua kufafanua mstari wa Kigiriki lakini hajui kuusoma mshono wa mjane, bado hajamaliza masomo yake.

Petro aliwatoa nje watu wote kabla ya kuomba. Lakini kwanza alisimama katikati ya wajane, akatazama kila nguo waliyomwonyesha.